Injini ilianza kumisi futi 400 nikitoka Wilson. Ningerudi ama ningeenda mbele?

BintiWaAnga (Jumanne usiku)

Hamjambo wadau, hii nimeiandika nikifuta tangu mchana, wacha niiweke tu vile ilivyo. Mimi nasomea PPL (leseni ya rubani binafsi) pale Wilson, ule uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, niko na masaa 31 na solo, yaani kuruka peke yangu, ni masaa manne na kitu. Leo asubuhi nilikuwa nifanye sakiti sita, yaani kupaa, kuzunguka uwanja na kutua, peke yangu na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, nikafanya moja.

Mnajua Julai ya Nairobi vile huwa, baridi, wingu limefunika mpaka saa nne, nyasi zimelowa. Wingu lilipoinuka kidogo kila mtu alitaka kutoka saa hiyo hiyo, Caravan, zile ndege ndogo za abiria za kwenda Mara, zimepanga foleni, mbele yao Dash 8 ambayo ni kubwa zaidi, na mimi nyuma ya wote. Injini nilikuwa nimeipima, magneto zote mbili (zinazozipa plagi cheche) sawa, kila kitu sawa, halafu nikakaa pale kwa foleni inaunguruma chinichini kama robo saa hivi. Tawa (waongoza ndege) wakanipa ranwei 14, ile inayoelekea kusini mashariki, nikafungua throto yote, nikainuka vizuri tu.

Karibu futi 400 juu ya ardhi nikahisi kwa miguu kabla sijasikia kwa masikio. Ndege inatetemeka, injini inamisi kama gari yenye plagi mbovu, RPM ikatoka 2,350 ikashuka mpaka 2,050 hivi. Haikuzima. Ilikuwa bado inapanda lakini kwa shida sana, labda futi 100 kwa dakika. Na hapa ndo naomba msinihukumu, mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kugeuza usukani kurudi nyuma kabla sijaamua chochote, kichwani nilikuwa na picha moja tu, ile ranwei. King'ora cha stoli, kinachoonya kwamba spidi ni ndogo mno mabawa yataacha kubeba ndege, kikaanza kulia, nikaangalia spidi iko 58. Nikasukuma pua chini, nikanyoosha mabawa, nikaenda mbele. Nikaambia tawa injini ina shida, sauti yangu hata siitambui, wakanipa nafasi ya kwanza, nikazunguka polepole na nikatua. Watu walinisaidia kushuka juu miguu ilikataa.

Fundi wakawasha ile injini hapo hapo, wakaipima, HAKUNA KITU. Inaunguruma kama mpya. Halafu pale tunapokunywa chai wakubwa wawili wakabishana mbele yangu, mmoja anasema ningegeuka tu mara moja nirudi, mwingine anasema ningelenga mbuga nitue kwa nyasi. Nimebaki katikati. Nauliza tu: nilifanya sawa ama nilibahatika? Na injini ikiwa nusu hivyo, si imekufa na si nzima, mtu anafanya nini? Na inawezekanaje fundi wasione kitu?

---

mwalimu_mstaafu (Jumanne usiku)

Pole sana binti yangu, na asante kwa kuandika, wengi hili hulimeza na kesho yake wanaruka tena. Nimefundisha watu kuruka kwa miaka mingi na nitakujibu polepole.

Kwanza ile pua. Ulipoisukuma chini ndo ulijiokoa, hayo mengine yote yalifuata. Injini ikipungua nguvu wakati unapanda, spidi inakwisha kwa sekunde chache sana kwa sababu pua iko juu na hakuna kitu cha kuivuta, na mwili wa binadamu hauamini kusukuma pua kuelekea ardhini ukiwa futi 400. Lazima ufundishwe mpaka mkono ufanye wenyewe. Ukilaza ndege nyuzi 45 ukijaribu kugeuka haraka, spidi ya stoli inapanda kwa asilimia 19, ukilaza 60 ni asilimia 41. Ile 58 uliyoona ukiwa umeanza kugeuka, ungevuta kidogo tu zaidi bawa lingedondoka, na kutoka futi 400 haurudishi.

Sasa hii habari ya kurudi. Hapo kwa chai watu hubishana juu ya urefu, eti futi 500 rudi, eti 700 rudi, na hizo namba nyingi zimetoka kwa watu wanaoruka karibu na usawa wa bahari. Wilson iko futi 5,500 na kitu. Siku ya jua, nyuzi 25 za joto, ndege inaona hewa nyembamba kama iko futi 8,000. Injini isiyo na tabo (ya kuisukumia hewa) hapo imebaki na kama robo tatu tu ya nguvu zake. 172 yenye watu wawili na mafuta ya kutosha inapanda labda futi 400 kwa dakika, maana yake kwa kila futi 20 inazoenda mbele inapata futi moja ya juu. Injini ikizima hiyo hiyo ndege inaelea kama futi 9 mbele kwa kila futi moja inayoshuka. Chukua kalamu uandike hizo mbili, 20 na 9.

Ukifika futi 500, mahali ulipoinukia pako futi 10,000 nyuma yako, kilomita tatu. Futi 500 zako za kuelea zinakufikisha futi 4,500, haifiki kilomita moja na nusu. Ranwei ni ndefu, kama kilomita moja na nusu na wewe uliinukia katikati, sawa, toa hiyo, bado ukingo wa karibu uko zaidi ya kilomita mbili. Hata ungegeuka kwa muujiza bila kupoteza futi hata moja hufiki. Na ukiendelea kupanda moja kwa moja pengo halipungui, linaongezeka, kwa sababu unapanda kwa mteremko wa 20 na utashuka kwa mteremko wa 9. Kwa hivyo Nairobi na ndege ndogo, ukitoka moja kwa moja hakuna urefu wa uchawi. Ranwei inaanza kuwa yako tena ukishageuka kwenye sakiti, ukiwa ubavuni mwake, si ukiwa umeipa mgongo. Wewe leo ulikuwa peke yako na asubuhi ya baridi, ulikuwa na nafuu kidogo, lakini nafuu yenyewe si ya kugeuka.

Na kugeuka kwenyewe si nusu duara kama watu wanavyochora kwa kiganja. Ukizunguka nyuzi 180 unajikuta umekaa pembeni ya ranwei, inabidi ugeuke zaidi halafu urudi upande wa pili, jumla inaweza kupita 240. Tena kwa hewa yetu, ile noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unayoona kwa kipimo ni kama 73 za ukweli, kwa hivyo duara lako la nyuzi 45 ambalo Malindi lina nusu kipenyo cha mita 114 hapa linakuwa 144. Kila kitu kinaenda upana, na muda wako wa kufikiria umebaki ule ule.

Mimi wanafunzi wangu kabla ya kufungua throto lazima waseme kwa sauti, hata wakiwa peke yao: injini ikikataa nikiwa bado chini nafunga throto na kushika breki. Ikikataa nimeinuka na ranwei bado iko mbele natua palepale. Ikikataa ranwei imeisha, pua chini, noti 65, nachagua mahali ndani ya nyuzi 30 kushoto au kulia, sigeuki nyuma. Na unataja HAPO mahali kwa jina. Ukitoka 14 una mbuga ya Nairobi mbele, nyasi, ni zawadi ambayo viwanja vichache vya katikati ya mji vinayo. Lakini ijue, kuna daraja la SGR limeikatiza, kuna Southern Bypass pembeni na milingoti yake. Ukitoka 07 mbele ni nyumba za South C na Nairobi West, na hapo unatakiwa kuwa umekaa chini na ramani siku nyingine kabisa ukatafuta uwanja wa mpira, eneo wazi, chochote.

Kutua kwa nyasi kunatisha lakini angalia hesabu yake. Ukigusa ardhi kwa noti 45 badala ya 65 nguvu ya kugonga ni chini ya nusu. Flapsi zote (vibao vya nyuma ya bawa vya kupunguza spidi) shusha, mafuta funga, umeme zima mwisho kabisa, milango fungua kidogo isije ikakwama. Ndege itaharibika, wewe utatoka kwa mguu. Ndege ni ya bima kuanzia ile sekunde injini ilikukataa.

---

FundiMagneto (Jumatano asubuhi)

Mwalimu amemaliza upande wake, wacha niongee ya karakana.

BintiWaAnga nikisoma hii stori kitu ya kwanza naona si plagi, ni hali ya hewa. Baridi, unyevu, robo saa injini ikiwa chini. Hiyo 172 yako kama ni zile za zamani ina kabureta. Ndani ya koo la kabureta hewa inapita kwa kasi na petroli inageuka mvuke, vyote viwili vinanyonya joto, baridi ya hapo ndani inaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya ile ya nje. Nje iko 14, ndani kumeganda. Watu wanadhani barafu ni ya Ulaya, hapana, hatari kubwa ni joto likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu umepita asilimia 80, na hiyo ni Julai yote ya Langata, na hata siku ya joto inaweza kutokea. Na inapenda sana throto ikiwa imefungwa kama vile ulikuwa kwa foleni. Barafu inajijenga pole pole, wewe huoni kitu, halafu ukifungua throto ndo injini inagundua haipumui.

Ndo maana fundi hawakuona kitu! Barafu ni ushahidi unaoyeyuka. Mpaka wewe umetua, umezima, wamekuja na ngazi, moto wa injini umeshayeyusha yote na imetoka kama mvuke. Watawasha, itaunguruma kama mpya, wataandika hakuna kasoro, na kesho mwanafunzi mwingine ataichukua.

Sisemi plagi zisiangaliwe. Avgas yetu, petroli ya ndege, ina madini ya risasi, na ukikaa chini na miksha (mchanganyiko wa mafuta na hewa) ikiwa tajiri, yaani mafuta mengi, kwa urefu huu wa Nairobi, plagi hasa zile za chini zinashika vijipande vya risasi na masizi. Kwa hivyo ukiwa kwa foleni vuta miksha mpaka injini ikaribie kukohoa, uiache hapo, na kabla ya kuondoka weka sawa kwa ajili ya nguvu kamili, pale Wilson hiyo si kusukuma kile kitasa chekundu cha miksha mpaka mwisho, unairudisha nyuma kidogo mpaka RPM ifike juu kabisa, fuata kitabu cha ndege yako. Halafu ukienda pwani kumbuka kuirudisha mbele wakati wa kuondoka, nimefungua silinda iliyopikwa ya mtu aliyetoka Ukunda na miksha ya Nairobi, haikuwa kitu ya kupendeza kuona.

Swali langu kwako ni moja: hita ya kabureta, ile ya kuipelekea hewa ya moto, uliivuta saa ngapi?

---

Jirani_SouthC (Jumatano mchana)

Samahani mimi si rubani, niliingia hapa nikitafuta kitu kingine nikasoma yote. Ninaishi South C tangu nikiwa mtoto, ndege zinapita juu ya paa letu kila siku, na wakati huo mtaa ulikuwa nyumba za chini na miti, sasa hivi ni ghorofa kila mahali. Kuna siku injini inasikika tofauti, inakatakata, na sisi wote kwa boma tunanyamaza mpaka ipite. Nilikuwa sijui kama huko juu kuna mtu wa masaa 31 anatafuta uwanja wa mpira wa watoto wetu ili asituangukie. Dada, tunashukuru Mungu ulitua. Swali tu, hivi nyinyi mnatuona? Unaona watu ukiwa futi 400?

---

BintiWaAnga (Jumatano mchana)

@Jirani_SouthC tunawaona. Naona nguo kwa kamba. Sitasahau hilo swali.

---

Kiserian_PPL (Jumatano jioni)

Mimi nitatofautiana kidogo na mwalimu kwa heshima zote. Miaka kadhaa nyuma nilipoteza nguvu nikitoka kiwanja kingine chenye ranwei ndefu, nilikuwa kama futi 700, nikageuka nikarudi na nikatua na niko hapa naandika. Kwa hivyo kusema usigeuke kamwe naona ni kufunga mlango. Hata yule kapteni aliyetua na ndege ya abiria kwa mto Hudson, New York, Januari 2009 baada ya injini kukataa, si baadaye walionyesha kwa simuleta kwamba angeweza kurudi LaGuardia, uwanja alikotoka?

Pia Wilson hauko peke yako. JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa, iko hapo mashariki na ranwei ya zaidi ya kilomita nne, Eastleigh kuna ranwei ya jeshi. Ukiwa juu kidogo na injini inakohoa, ile iliyo mbele yako ndo yako, hakuna mtu atakuuliza kibali ukishasema Mayday. Mimi nikiwa upande wa Ngong najua pia Orly, kiwanja kidogo cha upande huo, iko wapi kila dakika.

---

mwalimu_mstaafu (Jumatano usiku)

Ndugu yangu Kiserian nafurahi uko nasi, na hilo la JKIA nakuunga mkono kabisa, wanafunzi wengi wanarudi walikotoka kwa mazoea tu wakati kuna lami mbele ya macho yao.

Lakini hiyo ya Hudson isome mpaka mwisho. Kwenye simuleta baadhi ya marubani waliogeuka papo hapo walifika, kwa sababu walijua kinachokuja. Wachunguzi wakaongeza sekunde 35 za mtu kushtuka, kuangalia na kuamua, ndege haikufika. Wewe ulikuwa na ranwei ndefu, labda na upepo mzuri, labda na hewa nzito ya chini. Nakuomba tu ukumbuke wale waliojaribu kitu hicho hicho na hawako hapa kuandika.

Na sasa binti, swali lako la injini nusu. Hili ndilo nilitaka kulijibu jana usingizi ukanishinda, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Watu wa usalama wa anga wa Australia walihesabu matukio ya ndege za injini moja baada ya kuruka, kati ya mwaka 2000 na 2010. Injini kuzima kabisa zilikuwa 75, na hakuna hata moja iliyoua. Injini kupungua nguvu tu zilikuwa 242, na ajali tisa kati ya hizo zilikuwa na vifo. Soma tena. Ile inayozima inakuamulia, unashuka mbele, umetua kwa shamba la mtu. Ile iliyobaki nusu inakupa matumaini, inakuambia twende tu tutafika, na wewe unainua pua kidogo kuokoa urefu, kidogo tena, unageuka kidogo, mpaka king'ora. Hapo ndo ulipokuwa wewe.

Kwa hivyo ukiwa nusu: spidi kwanza, hiyo haijadiliwi. Kama ndege inaweza kubaki juu kwa spidi salama, sawa, unaenda nayo, lakini moyoni uichukulie kama itazima dakika inayofuata, kila sekunde ujue nikizimiwa sasa natua pale. Geuka kwa kulaza kidogo tu, usipite nyuzi 15 au 20. Sakiti iwe ndogo, karibu, juu kidogo kuliko kawaida. Mahali pa throto ambapo inafanya kazi usipaguse mpaka uwe na uhakika ranwei ni yako hata ikizima, ni afadhali ugonge ua wa mwisho kwa mwendo wa kutembea kuliko kuanguka kabla ya ranwei. Kama ndege haibaki juu kwa spidi salama, basi hiyo si nusu tena, ni imezima. Natua mbele.

Ukiwa na nafasi mikono ifanye ile safari fupi: hita ya kabureta vuta, miksha, selekta ya mafuta (ya kuchagua tangi), pampu kama ipo, magneto, praima (pampu ya mkono ya kuwashia injini) imefungwa. Ukiwa chini ya futi 500 pengine utapata ya kwanza tu, basi fanya hiyo ya kwanza.

Redio ni ya mwisho lakini isisahaulike. Machi 2024 juu ya mbuga hiyo hiyo Dash 8 na 172 ya mafunzo ziligongana angani, na wawili wa 172 hawakurudi nyumbani. Anga ile ni finyu na imejaa. Ukisema mapema tawa anaweza kuwasogeza wengine, na wewe Jumanne ulisema, hata kama sauti haikuwa yako.

---

BintiWaAnga (Alhamisi asubuhi)

Nimesoma hii yote mara tatu, ya Australia nimeiandika kwa karatasi.

@FundiMagneto aki swali lako limenikosesha usingizi. Nikiwa kwa foleni sikuivuta hata mara moja. Niliipima tu pale mwanzo kwa majaribio ya injini, RPM ikashuka kidogo, nikairudisha. Nikiwa futi 400 haikunijia kabisa kichwani, kama haipo kwa ile ndege. Lakini kuna kitu sikuandika juu nilidhani haihusiani. Nilipogeuka kuelekea ranwei nikaivuta tu kwa mazoea ya chekilisti ya kutua, na injini ikatetemeka VIBAYA, nikasema hii sasa ndo mwisho, nikataka kuirudisha, halafu baada ya sekunde chache ikatulia kabisa. Nikafikiri ni kwa sababu nimepunguza throto.

---

FundiMagneto (Alhamisi asubuhi)

Hapo umemaliza kesi. Ukivuta hita, barafu inayeyuka na yale maji yanaenda kwa silinda, injini inakohoa na kutetemeka zaidi kabla haijatulia, na hapo ndo watu wengi wanairudisha wakidhani wameharibu. Usiirudishe. Iache wazi mpaka itulie.

Nenda kaandike hii kwa kitabu cha kiufundi cha ndege, kwa maneno hayo hayo uliyoandika hapa, na umwambie fundi mkuu mwenyewe. Na plagi wazitoe pia waziangalie, usikubali jibu la tumeiwasha iko sawa.

Na siku nyingine ukiwa kwa foleni zaidi ya dakika chache, kabla hujaingia ranwei ivute, sikiliza, ngoja, irudishe. Usiiache wazi muda mrefu kwa vumbi, hewa yake haipiti kwa chujio. Na usiruke ikiwa imevutwa, hewa ya moto inakula nguvu na pale Wilson huna nguvu ya kugawa.

---

BintiWaAnga (Jumapili jioni, wiki iliyofuata)

Narudi na ripoti kama nilivyoahidi kwa inbox.

Plagi walizitoa nikiwa hapo, mbili za chini zilikuwa na vijipande vya risasi kama punje za mchele, zikasafishwa. Fundi mkuu alinisikiliza mpaka mwisho na akaandika.

Ijumaa mwalimu wangu alinipeleka upande wa kushuka Magadi, tukapanda mpaka futi 9,000, tukajifanya hewa ile ni ranwei. Napanda, anafunga throto, tunahesabu sekunde nne bila kufanya kitu ndo iwe kama mshtuko, halafu pua chini na kugeuka. Mara ya kwanza nilipoteza futi 620. Ya tatu, nikijua kabisa inakuja, na mikono imeshazoea, 480. Halafu akanionyesha kwa GPS mahali tulipo na mahali "ranwei" ilipo, iko mbali huko mbele, sikuhitaji kuelezewa zaidi. Baadaye akaniwekea 2,000 RPM akaniambia rudi nyumbani na hii. Ndege haikupanda, ilikuwa inashuka polepole, na mara mbili alinigonga mkono kwa sababu nilikuwa navuta pua bila kujua.

Leo nimeenda solo tena. Foleni tena, baridi tena. Dakika kama kumi hivi, Caravan mbili mbele yangu, nikaivuta ile hita. Injini ikakohoa. Nikaiacha. Ikatetemeka, ikakohoa tena, halafu RPM ikapanda yenyewe zaidi ya pale ilipokuwa kabla sijaivuta. Ilikuwa imeshaanza tena, na mimi nilikuwa sioni chochote. Tawa akaniita niingie ranwei, nikamwambia naomba dakika mbili, apitishe wa nyuma yangu. Akasema sawa. Nikaivuta mara nyingine, ikawa safi. Nikasema maneno yangu kwa sauti, nikataja ile nyasi ya mbele, nikafungua throto.